Redio Inayofika Mguu Unapofika

Ninyi mlioniona pale Nyawera nikishuka na mkungu wa ndizi kichwani, mkaniuliza nimetoka wapi, niliwajibu kwamba habari ni ndefu na miguu inauma. Sasa miguu imepona. Nawaandikia wote kwa pamoja ili nisirudie maneno kwa kila anayenisimamisha sokoni Kadutu, na ili Maman Nabintu aache kueneza kwamba nilikwenda Tanzania kutafuta bwana. Mambo ya pasi, tiketi na mihuri nayaruka. Mnayajua, na hayana utamu.

Nyangezi, nilipotumwa

Kwa asiyenijua, mimi ni Furaha, mtangazaji wa jioni katika redio yetu ya Nyangezi. Ni redio ya jamii, maana yake haina tajiri. Ina komite inayogombana, ina mtambo wa kurushia, ina antena nyuma ya nyumba ya walimu, na ina wasikilizaji wanaotuletea maharage wakati wa mavuno. Zamani mtambo wetu ulikuwa mdogo, ukifika vilima vya jirani tu. Kisha mfadhili akatuletea mkubwa, na ghafla tukasikika mbali, hata Lugobe, kilima anakokaa mama yangu.

Lugobe iko ng'ambo ya bonde, nyuma ya mgongo wa kilima, na simu haishiki kule. Magoti ya mama yamechoka, hashuki tena sokoni, nami kwa kazi na watoto napanda kumwona mara chache kuliko inavyonipasa. Lakini kila jioni, nikimaliza habari, nilijua amenisikia. Hakuweza kunijibu. Mimi nasema, yeye anasikia, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukionana, mama na mtoto wake.

Basi ofisi inayosimamia mawimbi ikatuita. Leseni yetu ni ya redio ndogo, wakasema, na sisi tunapiga kelele kama redio ya taifa. Mtambo ushushwe nguvu urudi kwenye kiwango chake, la sivyo tufungwe. Mwenyekiti wetu, Papa Bisimwa, muzee asiyependa kupunguziwa kitu chochote, akashauri tushushe siku ya ukaguzi na kupandisha siku nyingine zote. Wengine walicheka, wengine wakamuunga mkono. Mimi sikumpinga, kwa kuwa fundi alikwisha kuniambia: mtambo ukishushwa, Lugobe inapotea.

Katikati ya ugomvi huo ukafika mwaliko. Redio moja ndogo ya kijijini Karagwe, Tanzania, iliwaita wenzao wa nchi za jirani wakae pamoja na kuelezana namna serikali za kwao zinavyozitawala redio kama zetu. Komite ikanituma nikatafute njia. Moyoni nilibeba swali moja tu: ni sheria ya nchi gani ingemwachia mama yangu sauti yangu?

Kuvuka Ruzizi

Nilisafiri na redio ya mkononi, ya betri, nikaiweka mapajani kutoka Bukavu. Nilitaka kujua sauti yetu inakwenda nami mpaka wapi. Darajani Ruzizi mwenzangu wa asubuhi alikuwa anasoma bei za sokoni, safi kama yumo mfukoni mwangu. Kamembe, nchi nyingine, bado anasoma. Nilifurahi kama mtu anayesikia jina lake likisifiwa na watu wasiomjua.

Basi la kwenda Kigali halikuondoka saa yake. Dereva alikuwa anangoja abiria, abiria wakawa wanamngoja dereva, na kila upande uliudhika kwa haki. Jirani yangu alikuwa mama wa Rusizi, wilaya ya Rwanda iliyo ng'ambo ya mto wetu, aitwaye Vestine. Alifungua karatasi ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, akanisogezea bila kuniuliza kama nakula. Nilimshukuru, akaacha kutafuna na kuniangalia mdomo.

"Weye njo ule mutu wa redio ya Nyangezi," alisema. "Mwenye anasomaka majina jioni."

Nikakubali, na ningependa kuwaambia kwamba nilikubali kwa unyenyekevu, lakini mnanijua. Nilikaa wima. Nikamuuliza kama tunasikika vizuri kwao, nikitegemea sifa.

"Sana. Mama mukwe wangu ni mugonjwa, analala tu. Jioni anafungulaka redio ya parokia, asikilize rozari. Lakini tangu mulipata nguvu, rozari haisikike tena. Ni weye tu. Anapigaka alama ya musalaba juu ya bei ya maharage."

Basi zima lililokuwa likisikiliza lilicheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaona kwamba Vestine hachekeshi. Alikuwa ananieleza jambo la nyumbani kwake, kwa upole, kwa kuwa bahati imemketisha karibu na mwenye kosa. Nikawaza yule bibi kitandani akitafuta sala na kunipata mimi, na sambaza niliyoishika nikairudisha kwenye karatasi. Kumbe sauti niliyokuwa najivunia ilikuwa imekalia sauti ya mtu mwingine. Na mimi nilikuwa naitaka ibaki hivyo, kwa ajili ya mama yangu.

Msitu usio na sauti

Tulipoingia msitu wa Nyungwe mwenzangu wa Nyangezi alianza kukoroma redioni, akakatika, akarudi kwa neno moja, akapotea. Nilizungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna redio ya serikali wala ya dini, hata muziki hakuna. Ni mvumo tu, kama mvua mbali.

Halafu mlima ukaziba njia. Udongo ulikuwa umeporomoka na miti yake ikiwa bado imesimama, na magari yakapanga foleni pande zote mbili yakisubiri trekta. Tulishuka. Nilisogea pembeni, nikainua antena juu kabisa, nikajizungusha pole pole. Sikukumbuka kwamba huko ni karibu na mpaka na kwamba mtu mzima anayeinua chuma kuelekea mbinguni msituni hawezi kuachwa hivi hivi. Askari akaja akaniuliza kwa Kinyarwanda. Sikuelewa. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba natafuta mahali redio yetu inapoishia, na maelezo hayo hayakumtuliza hata kidogo. Vestine alipomtafsiria aliniangalia sana, akaichukua redio, nikajua imekwenda. Kumbe alitaka kusikiliza mpira. Naye akazungusha, akazungusha, akanirudishia akitikisa kichwa. Aliniambia, kwa mdomo wa Vestine, kwamba hapo hakujawahi kusikika kitu.

Tulikaa hapo mpaka njaa ikatuuma, tukagawana mahindi na viazi vitamu na watu wa gari la nyuma. Lakini mimi nilishikwa na kile kimya. Sijui nikielezeje. Miti mikubwa, ukungu unatembea katikati yake, nyani weusi wenye mabega meupe wanaruka juu yetu bila haraka, na katika hewa yote hiyo hakuna hata mtu mmoja anayesema. Nimefanya kazi ya redio muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba hewa inaweza kuwa tupu. Niliogopa, na nikapenda, vyote pamoja.

Njia ilipofunguliwa, tukaanza kushuka upande wa pili, na sauti zikaanza kurudi mojamoja. Kwanza kwaya, imefifia. Kisha mtu anauza mbolea. Kisha mwanamke anacheka. Machozi yalinitoka kwa mtu anayeuza mbolea, na Vestine akanipa kitambaa.

Rusumo, na salamu iliyonishinda

Kigali niliagana na Vestine, nikalala, nikaendelea. Mji ule ni msafi hata unaona aibu kushika ganda la ndizi. Nililibeba ganda langu karibu safari nzima ya mashariki.

Mpakani Rusumo mto Kagera unaanguka kati ya mawe chini ya daraja, na mvuke wake unalowesha uso wa mtu anayevuka. Nilisimama mpaka mlinzi akanihimiza. Upande wa Tanzania binti muuza chai aliniambia shikamoo. Kwetu hatuna salamu hiyo, nami nikajibu asante. Akarudia, akidhani sikusikia. Nikasema asante sana. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akanihurumia, akanifundisha kujibu marahaba. Nilipoijua sikuiacha tena. Nikawa naitikia marahaba hata kwa watu walionizidi umri, na wao wakawa wananitazama kwa mshangao wa heshima. Kosa hilo nilielezwa baadaye sana.

Kutoka hapo ni milima na migomba. Niliwahi kudhani kwamba sisi Washi, watu wa vilima vya Bukavu, tunalima ndizi. Sisi tunazipanda tu. Watu wa Karagwe wanaishi ndani yake. Nyumba huioni mpaka umeigonga.

Majina niliyoyasoma hewani

Redio yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na antena imefungwa kwenye mti wa mkaratusi uliochongwa. Mwenye kuisimamia ni mama mrefu, mwalimu aliyestaafu, anayeitwa Mama Koku. Nilimwomba anionyeshe mtambo. Akafunua kitambaa cha kufuma, nikaona kisanduku kidogo sana, unaweza kukibeba kwapani ukaenda nacho misa. Nikasubiri anionyeshe kilichobaki. Hakikuwepo. Nikamuuliza redio yao inafika wapi, akasema nitaona. Nilimhurumia, na nadhani aliona.

Jioni ya kwanza wageni wote tuliombwa tuwasalimie wasikilizaji. Sasa nieleze kitu ambacho ninyi mnakijua lakini wao hawakukijua. Kipindi changu hufungwa kwa majina. Tulianza wakati watu walipokuwa wanarudi vilimani kutoka walikokimbilia wakati wa vita, na asiyejua kama ndugu yake amefika alisubiri jina lake redioni. Tangu hapo, kwetu jina likisomwa pole pole, peke yake, bila neno lingine, maana yake ni kwamba mtu huyu yupo, yuko nyumbani kwake, anakula. Kifo tunakitangaza kwa kengele kwanza. Siku jina lako lisiposomwa ndipo jirani anakuja kugonga mlango.

Basi zamu yangu ilipofika nilisema mimi ni Furaha, natoka Kongo, na nitawaletea watu wangu. Nikasoma. Kaka zangu, dada zangu, watoto wao, Papa Bisimwa, majirani, kilima kwa kilima, na mwisho kabisa mama yangu. Nilisoma vizuri, kwa utulivu, kama ninavyosoma nyumbani. Kijana wa mitambo aliweka kwaya ya taratibu chini ya sauti yangu, nikaona kweli hawa watu wana adabu.

Tulikuwa bado tunakunywa uji uani nilipomwona bibi wa kwanza akitokea kwenye migomba, ana kichane cha ndizi kichwani. Nyuma yake wanaume wawili, kofia mkononi. Kisha mama na kibuyu cha maziwa, kisha familia nzima na kuni. Walikuwa wanakuja kutoka kila njia, wanakaa kwenye majani bila kuongea. Mimi, nikidhani kuna arusi, nikaenda kuwapa mikono nikitabasamu, na nikauliza bibi arusi yuko wapi. Waliangaliana. Yule bibi wa kwanza alinishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Wote hao ni wako?"

Nikasema ndiyo, wote ni wangu. Bibi akaanza kulia. Nilipoona analia na mimi ninacheka, na mama mwingine anamwambia mwenzake kwamba uchungu umenipanda kichwani, ndipo nikageuka kumtafuta Mama Koku. Alikuwa mlangoni, ameshika kichwa. Alikuja akanieleza kwa sauti ya chini: kwao, jina linalosomwa pole pole bila salamu, na kwaya chini yake, ni la marehemu. Kijiji chote kilikuwa kimesikia mgeni kutoka Kongo akiwataja watu wake wote waliokufa. Na Kongo, ninyi mnajua habari zetu zinavyofika kwa watu. Hawakuona sababu ya kutoamini.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Koku alisimama mbele yao, akawaeleza. Yule bibi alijifuta macho kwa kanga. Akauliza, ili ahakikishe, kama mama yangu yupo. Nikamwambia yupo, anaumwa magoti tu. Akauliza na wale watoto. Nikamwambia wapo, wanakula. Aliuliza jina moja baada ya jingine, kwa kuwa alikuwa ameyashika, na kila nilipojibu yupo, watu waliitikia kwa pamoja. Halafu mwanamume mmoja akasema kwamba chakula kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani, hivyo kipikwe, tule kwa ajili ya hao walio hai.

Sijawahi kula ndizi tamu kama zile, na maharage, na maziwa. Nilizunguka nikiuliza kila mtu anakaa wapi, nao walinyoosha mikono: kule juu ya shule, kule kwenye chemchemi, kule penye ghala la kahawa. Wote walikuwa wamekuja kwa miguu, wakafika kabla jua halijazama. Mama Koku alisimama karibu nami, akatazama ua ule uliojaa watu.

"Uliniuliza redio yetu inafika wapi," aliniambia. "Ndio hawa. Anayetusikia anaweza kufika hapa kwa mguu."

Nilimtazama, nikatazama kile kijumba cha vyumba viwili. Sisi kwa mtambo wetu mkubwa tulikuwa tunasikika nchi mbili, na sikumbuki siku ambayo mtu wa Rusizi alitembea kuja kunipa pole.

Kilima cha mpaka

Siku zilizofuata tulikaa chini tukaelezana sheria, kila mtu akisimulia za kwao kama anavyosimulia wakwe. Kuna nchi ambazo redio ya jamii hairuhusiwi kutafuta faida. Kuna zinazopima nguvu ya mtambo, nyingine zinapima pia urefu wa antena, kwa sababu mtambo mdogo mahali pa juu unafika mbali kuliko mkubwa bondeni. Mtu mmoja alisoma kwamba Ulaya kuna mahali wanakupa wimbi dogo la muda, kwa sherehe, halafu wanalichukua. Baba mmoja wa Uganda, tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa ni baba wa mapacha, alituambia kwamba senta yao, kijiji cha maduka, haikumudu leseni, hivyo walifunga vipaza sauti juu ya mlingoti na kutangaza hivyo hivyo, kwa mdomo, bila wimbi lolote. Sheria ya mawimbi haiwahusu, alisema, lakini majirani wanaolala mchana wanahusika sana.

Nilisikiliza yote nikitafuta nchi yangu. Hakukuwa na hata moja ambayo sheria yake ingeniruhusu kuvuka bonde na kumkalia yule bibi wa rozari. Kila mahali, kwa maneno tofauti, walisema kitu kimoja: redio ndogo ibaki ndogo. Nikakata tamaa, na uso wangu haufichi kitu.

Mama Koku alinichukua tukapanda mlima nyuma ya kijiji, akaniambia nije na redio yangu. Tulipanda tukimsikiliza mtangazaji wake anaeleza ugonjwa wa migomba. Juu kabisa sauti ikaanza kupasuka. Akaniambia nisiguse kitufe, nitembee tu. Nilipiga hatua chache kuteremka upande wa pili. Yule mtangazaji akazama, na mahali pale pale, kwenye namba ile ile, akapanda mwanamke mwingine, anaimba na watoto wa shule.

Nilirudi nyuma. Migomba. Nikaenda mbele. Watoto wanaimba. Nilifanya hivyo mara nyingi, kwenda na kurudi kwenye majani, mtu mzima mwenye wajukuu njiani, na Mama Koku akaketi juu ya jiwe akinisubiri. Walikuwa ni majirani wao wa bonde la pili, alinieleza. Wimbi moja, redio mbili, na kwa kuwa zote ni ndogo hakuna anayemkalia mwenzake. Mlima unawagawia.

Nilikuwa nimeona Ruzizi, nimeona msitu, nimeona maji ya Rusumo yakianguka. Hakuna kilichonishangaza kama ule mstari usioonekana kwenye majani, ambao mtu anauvuka kwa unyayo. Nilikwenda nikaketi naye jiweni. Kisha nikamwambia habari ya mama, kwamba mimi nasema naye anasikia, na kwamba mtambo wetu ukishushwa nampoteza.

Mama Koku aliniuliza, "Mama yako ana sauti?"

Nikasema anayo.

"Basi kwa nini kazi yake iwe kusikia tu?"

Kurudi

Njia ya kurudi siielezi sana. Ndizi mlizoniona nazo nilipewa na yule bibi aliyenililia, na alinikataza kuziuza. Msituni hatukuzuiwa na kitu. Karibu na Kamembe niliwasha redio, nikamsikia mwenzangu wa Nyangezi akitamba juu ya nchi ya watu, nikaizima.

Komite ilinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Papa Bisimwa alifurahia hadithi ya msiba, hasa kwamba watu walikula ndizi za msiba wake akiwa hai. Lakini nilipofika kwenye kushusha nguvu alikunja uso.

"Tutakuwa kadogo," alisema. "Batu batatusahau."

Nilimwambia habari ya rozari. Nilimwambia pia kwamba mtambo wetu wa zamani, ule mdogo, umelala stoo na hauna kazi, na kwamba ng'ambo ya bonde kuna kilima kizima ambacho hakijawahi kutangaza neno lake kwa mtu. Alibishana siku kadhaa, kama ilivyo desturi yake. Kisha akakubali, na siku ya pili alikuwa anaeleza watu kwamba wazo ni lake. Ofisi ya mawimbi nayo ikakubali Lugobe wapate wimbi letu lile lile, kwa kuwa mgongo wa kilima chao uko katikati. Karatasi zake naziruka.

Mtambo mdogo na antena yake vilipandishwa Lugobe kwa kipoyi, kama tunavyobeba wagonjwa, na kila aliyekutana na wabebaji njiani aliweka chini mzigo wake akatia bega kipande, kama tunavyofanya kwa mgonjwa. Sisi Nyangezi tulishusha nguvu jioni hiyo hiyo. Nilisoma habari, nikasoma majina, na nilipolifikia la mama nikalisoma mara mbili. Nilijua kule hasikii kitu. Mume wangu alinipikia ugali usiku huo.

Majuma yakapita, wa Lugobe wakawa hewani. Hatuwasikii, bila shaka. Mtu aliyeshuka kutoka kule alisema kwamba asubuhi za Jumamosi wanawake wazee wanazungumza juu ya mbegu, na kwamba mama yangu ni mmojawapo. Sikuamini. Mama hasemi mbele ya watu. Hata kwenye arusi yangu alimwachia shangazi. Jumamosi iliyofuata niliacha kila kitu nikapanda.

Nilivuka mto, nikapanda upande wa pili, njia ambayo zamani niliiona ndefu. Karibu na mgongo wa kilima kulikuwa na mwanamume analima, ametundika redio kwenye tawi la mparachichi. Nilipomkaribia nikamsikia mtangazaji wetu wa asubuhi, hafifu. Upepo ukatikisa tawi. Mwenzangu akazama. Mwanamume akaenda akaisogeza redio upande wa pili wa mti, na sauti ya mama yangu ikatokea.

Alikuwa anasema Mashi, lugha yetu, pole pole, kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Nawaandikia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

"Miye ni mama ya Furaha. Mutoto wangu anasemaka ku redio ya Nyangezi. Nilimusikilizaka kila jioni. Njo vile akimaliza, namuitikia pale pa moto, namuambia vile siku ilipita, vile mbuzi ilizaa. Hakukuwa mutu wa kumufikishia. Sasa nasema, na hanisikie, iko ng'ambo. Mwenye atashuka leo amuambie: mama yako alikuitikiaka kila siku."

Nilishika lile tawi la mparachichi, na yule mwanamume, ambaye hakunijua, aliweka jembe chini akanisogelea.

"Maman, unapanda ao unashuka?" aliniuliza. "Kama unashuka, pelekea ule mutoto habari ya mama yake."

Nikamwambia napanda.